Maswali Yenu: Magoti, Njuga na Bharatanatyamu

SWALI: Binti yangu wa miaka 9 anajifunza bharatanatyamu, ngoma ya jadi ya kusini mwa India. Akitoka darasani goti humuuma upande wa ndani. Tena kila siku anauliza atavaa njuga lini. Mwalimu bado anamkatalia.
Mama wa Mombasa

JIBU: Mama, kabla ya goti tazama nyayo. Katika araimandi, mkao wa msingi wa ngoma hii, visigino hukaribiana, vidole huelekea pembeni, magoti hukunjwa yakifunguka nje na mgongo hubaki wima. Kufunguka huko kunatakiwa kutoke nyongani. Mtoto ambaye nyonga zake hazijalegea hulazimisha nyayo peke yake: unyayo unatazama pembeni, goti linatazama mbele, na muundi unajipinda chini ya paja. Ndiyo maana anaumia upande wa ndani.

Msimamishe mbele ya kioo. Apunguze kufungua nyayo mpaka kila goti likae juu ya kidole cha pili cha mguu wake, kisha ashuke kiasi tu. Makalio yakianza kutoka nyuma, amepita kiwango chake. Goti likivimba, au likiuma hata akiwa amepumzika, asicheze; mpeleke hospitali.

Sikiliza pia pigo lake. Mguu huinuliwa nyuma, kisigino kikielekea makalioni, halafu unyayo mzima hutua mara moja. Ukisikia vishindo viwili, kisigino kinatangulia, na juu ya sakafu ya zege mshtuko wake hupanda moja kwa moja hadi gotini.

Kuhusu njuga, mwalimu yuko sahihi kabisa. Kwanza mtoto azimudu tatta adavu, hatua za kupiga mguu, kwa kasi tatu: pigo moja kwa kila mdundo, kisha mawili, kisha manne. Wengi huharibu ile ya tatu kwa sababu huinuka bila kujijua ili mguu uwahi. Njuga zitatangaza kila pigo lililochelewa. Akiweza kubaki chini kasi zote tatu, ndipo njuga huombewa baraka na kufungwa.

SWALI: Kwa nini wachezaji hugusa sakafu kabla ya kuanza? Na ni kweli ngoma hii ilitoka hekaluni?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hiyo ni namaskaramu: mchezaji anamwomba radhi Bhumi, mungu wa kike wa ardhi, kwa kuwa atamkanyaga.

Ya hekalu ni kweli, na ya majumba ya wafalme pia. Walioitunza ni wanawake waliowekwa wakfu hekaluni, madevadasi, na walimu wao. Ndugu wanne wa Thanjavur, mji wa kusini mwa India, ndio walioupanga, karne ya 19, mfuatano wa onyesho, kuanzia alarippu, ngoma ya kufungulia, hadi tillana, ya kufungia. Sheria ya mkoa wa Madras, India, ya 1947 ilipiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu. Sifa za kuiokoa ngoma isipotee hupewa zaidi Rukmini Devi Arundale, aliyeanzisha shule ya sanaa ya Kalakshetra mwaka 1936. Kazi yake ni kubwa, lakini kumtaja yeye peke yake si haki. Mchezaji Balasaraswati, aliyezaliwa katika ukoo wa wasanii hao wa kurithi, alisimama kidete kutetea sringara, mapenzi ya mja kwa mungu wake, wakati wengine waliyaona hayafai jukwaani.