Chuma cha Patton bado hakijastaafu

Maswali ya safari hii karibu yote yanatoka kwa watu wanaozurura jangwa la California na Arizona: waokota mawe, wapanda pikipiki, na wale wa mashine za kutambua metali. Wanaulizia ardhi iliyokuwa Desert Training Center, uwanja ambao Jenerali George Patton aliuanzisha mwaka 1942 kufundishia vita vya vifaru na ambao ulifungwa mwaka 1944. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Pale palikuwa mahali pa mazoezi tu, vita havikupiganwa. Mabomu ya kweli yametoka wapi?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara linaulizwa na mtu ambaye tayari ana kitu mkononi. Askari anayepelekwa vitani hafundishwi kwa fataki. Vifaru vilifyatua makombora ya milimita 37 na 75, askari wa miguu walirusha mota za milimita 60 na 81, na roketi za bazuka za inchi 2.36 zilikuwepo pia.

Hata hilo neno "la mazoezi" linawapumbaza. Chukua bomu la kufundishia marubani la M38A2. Ni kopo la bati lenye urefu wa zaidi ya mita moja, lililojazwa mchanga, na ndiyo maana watu hulitazama na kucheka. Lakini mkiani liliwekwa baruti nyeusi, kama kilo 1.4, ili moshi umwonyeshe rubani mahali lilipoangukia. Likitua bila kutoa moshi, baruti yote bado imo. Inatosha kukata mkono.

Miaka 80 imepita. Si vitu hivyo vimekufa?

Havijafa. Ukiacha haya mengine yote, soma jibu hili.

Fyuzi nyingi za makombora, yaani vifaa vinavyowasha mlipuko, hukaa zimefungwa mpaka kombora lifyatuliwe. Msukumo wa kutoka kwenye mtutu, pamoja na kule kuzunguka angani, ndivyo vinavyoziondoa kufuli za ndani moja baada ya nyingine. Baada ya hapo kinachosubiriwa ni pini kugonga kiwashi. Sasa kombora likitua kwenye mchanga laini, au likipiga ardhi kwa ubavu na kuteleza, pini inaweza isigonge kwa nguvu inayotakiwa. Linalala hapo, kufuli zote zimeshafunguka. Kombora jipya lililo ghalani ndani ya kasha lake ni tulivu kuliko hilo lenye kutu unalolisukuma kwa kiatu.

Umri nao hausaidii. TNT, kilipuzi kilicho ndani ya makombora, hudumu miongo mingi bila kupoteza nguvu, na jangwa kavu huitunza vizuri kuliko kinamasi. Kinachochakaa ni springi na vipande vyembamba vya chuma, yaani vile vile vinavyoizuia pini. Kwa hiyo kadiri miaka inavyopita, kizuizi kinadhoofika na mzigo unabaki vile vile.

Kuna pia fosforasi nyeupe, kemikali ya moshi na moto iliyojazwa kwenye baadhi ya makombora. Ganda likipasuka, fosforasi iliyo juu hujifunika ngozi ngumu na kutulia. Ibandue ngozi hiyo kwa mpini wa sururu, hewa iingie, joto likiwa nyuzi 30 na kidogo, nayo itajiwasha yenyewe. Jangwani wakati wa kiangazi nyuzi 30 ni asubuhi.

Nimekutumia picha tatu. Je, hiki ni kizima, yaani bado kinaweza kulipuka?

Mumetuma picha nyingi na nyingi zina sarafu imewekwa ubavuni ili nione ukubwa. Aliyeiweka ile sarafu aliinama, akanyoosha mkono, na kivuli chake kinaonekana. Mimi sitambui kitu kizima kwa picha, na anayekwambia anaweza, mkimbie.

Mfano mmoja. Kombora la milimita 37 lilikuwa na aina kadhaa. M74 ni chuma kitupu cha kutobolea deraya, ndani hakuna kitu. M63 lina TNT, gramu 40 hivi, na fyuzi yake iko kitakoni, haiko puani. Kwa hiyo mtu anaokota, anaangalia pua, anaiona ni chuma kigumu kisicho na skrubu wala tundu, anasema "hiki ni kipande tu," na kitako kimezibwa kwa mchanga ulioganda. Anakikung'uta kwenye jiwe ili atoe mchanga. Malizia mwenyewe.

Rangi nayo msiitegemee. Jua na mchanga huisugua yote ikabaki kutu, na maana za rangi zenyewe zimebadilika kati ya enzi ile na leo.

Nikikikuta nifanye nini, kwa mpangilio?

Simama hapo hapo. Usisogee kukiangalia vizuri, maana kikiwepo kimoja huenda viko vingi, vingine vikiwa vimefunikwa na mchanga sentimita mbili. Wazuie wenzako kwa sauti, si kwa kukimbilia walipo. Geuka na urudi kwa kukanyaga nyayo zako mwenyewe. Kama unaendesha gari, rudi nyuma kwenye alama za matairi yako, usilizungushe. Ukishafika mbali, funga kitambaa kwenye kichaka unachopitia ili mahali pajulikane. Usipigilie kijiti ardhini. Redio na simu zitumie ukiwa umeshaondoka karibu. Andika namba za GPS za hapo uliposimama, na ukadirie upande na umbali wa kitu, kisha piga 911, namba ya dharura ya Marekani. Taja umbo, ukubwa wa kukadiria kwa macho, na kama kimezikwa nusu.

Jeshi la Marekani limeyafupisha yote haya kuwa maneno matatu: tambua, rudi, ripoti. La katikati ndilo mnaloliruka.

Naweza kukatiza kwenye milima ya Chocolate kufupisha njia?

Hapana. Kule kuna uwanja wa kijeshi ambao bado unatumika na ndege zinaangusha mabomu.

Na Carrizo, ndani ya hifadhi ya Anza-Borrego?

Pamefungwa kwa umma kwa sababu ya mabomu yasiyolipuka yaliyobaki pale. Kuruka uzio hakubadilishi kilichomo.

Ripoti inasema eneo letu "limesafishwa." Tupige kambi?

Uliza limesafishwa vipi. Neno hilo limebebeshwa maana nyingi kupita uwezo wake, na wanaoliandika kwenye matangazo ya kuuza viwanja wanalijua hilo vizuri.

Kuna kusafisha juu: watu wanapita kwa mistari sambamba na kuondoa kinachoonekana. Kuna kusafisha chini: magnetomita inapita, kila inapolia panachimbwa. Magnetomita huona chuma, haioni shaba wala alumini. Halafu ina kina chake. Mafundi hukadiria kwamba kitu huonekana kwa uhakika hadi kina cha mara 11 ya unene wake. Basi la milimita 37 ni kama sentimita 40, la milimita 75 ni kama sentimita 80. Kwenye mchanga laini kombora zito hupita hapo bila shida. Na kila kopo la nyama na kila msumari wa kambi hulia pia, kwa hiyo mtu analazimika kuamua achimbe lipi aache lipi.

Katika ripoti tafuta mambo matatu: chombo kilichotumika, kina walichofika, na sehemu gani ya eneo iliyopitiwa kweli. Ardhi iliyotoka mikononi mwa jeshi kabla ya tarehe 17 Oktoba 1986 huwa chini ya mpango wa Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi, na hao ndio wa kuwauliza.

Hata jibu likiwa zuri, mvua moja ya jangwani hulibadilisha. Mafuriko ya ghafla hukata korongo kavu, yakachimbua kilichokuwa chini na kukishusha kilomita kadhaa hadi kwenye eneo ambalo ramani yako imelipaka kijani. Baada ya mvua kubwa, korongo ni la mwisho kutembelea. Wawindaji wa vitu vya kale huona ndiyo siku ya kwanza.

Na bango kutokuwepo si ruhusa. Mabango hung'olewa na upepo, mengine hutobolewa kwa risasi hadi hayasomeki.

Moto wa kambi je?

Usichimbe shimo. Tumia jiko la gesi lililoinuliwa juu ya ardhi, au mahali palipojengwa kwa ajili ya moto. Joto la makaa huzama mchangani usiku kucha, na hujui limefikia nini.

Babu alileta kombora miaka ya nyuma, liko kwenye rafu gereji. Nilirudishe jangwani?

Usiliguse, usilipakie garini, usilipeleke kituo cha polisi, usilizike bustanini. Toa watu ndani, funga mlango, piga simu waje wao. Kwamba limekaa rafuni miaka 40 maana yake ni kwamba hakuna aliyeliangusha bado. Na tafadhali acheni kulipaka mafuta ya kutu "lipendeze."

Maganda matupu ya shaba ya risasi za bunduki, angalau hayo nichukue?

Lenye alama ya kugongwa kitakoni na mdomo ulio wazi, halilipuki. Lakini kambi za Patton zinalindwa kama mabaki ya kihistoria, na kuondoa kitu pale ni kosa. Lisilo na alama ya kugongwa halijafyatuliwa: liache, na ukumbuke ulipoliona.