Maswali ya wasomaji: Tiba ya bure vijijini Kivu

Habari za kazi. Sisi ni wana wa Masisi tunaoishi Kanada na Marekani. Tumechanga fedha za kufungua kliniki ya bure kijijini kwetu: wauguzi wawili na mkunga mmoja, siku mbili kwa wiki. Kituo cha afya kipo mwendo wa saa moja kwa miguu, lakini watu hawana hela ya kulipa. Tuanzie wapi?

Anzieni kwenye kituo hicho hicho. Vituo vingi vya vijijini Kongo huishi kwa ada ya wagonjwa. Ndiyo inayonunua sabuni na kumlipa muuguzi ambaye mshahara wa serikali haujamfikia. Mkifungua mlango wa bure jirani, wagonjwa watasubiri siku zenu mbili, kituo kitakauka, na mtoto atakayeshikwa na degedege siku ya tatu hatakuwa na pa kupelekwa.

Nendeni kwa daktari mkuu wa kanda ya afya muandikiane mkataba: ninyi mnalipa ada na kuongeza dawa, kituo kinatibu bure siku zote saba. Lipeni kwa idadi ya wagonjwa walio kwenye rejesta, si kwa makadirio. Kila mwezi chagueni majina machache bila mpangilio, mtu anayeaminika kijijini awaulize kama walitibiwa kweli na kama walidaiwa chochote. Hela inayodaiwa kichinichini, eti ya karatasi au ya sindano, hujulikana hapo. Wagonjwa wa ubakaji na wa magonjwa ya zinaa wasiingizwe kamwe kwenye ukaguzi huu.

Mkunga wenu mpelekeni huko huko. Atakuwa na kazi usiku na mchana.

Mimi ni muuguzi Rutshuru. Tangu tiba iwe bure watu wanapanga foleni alfajiri, na dawa mseto ya malaria inaisha kabla ya katikati ya mwezi. Tufanyeje?

Tuanze na foleni. Muuguzi akipita wagonjwa 50 kwa siku hapimi tena, anagawa vidonge tu. Toeni namba mwisho zifike hapo, na watakaobaki wapewe namba za kesho. Lakini kabla ya namba, na tena kila baada ya saa moja, mtu aliyefundishwa apite akitafuta mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea haamki. Huyo anaingia papo hapo, hata kama amefika wa mwisho. Mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59, ni haraka kupita kawaida. Kila mtoto wa miezi 6 hadi 59 apimwe mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, hata kama mama amekuja kwa ajili ya mafua.

Dawa mseto huisha kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kumpa kila mwenye homa. Kipimo kisipoonyesha malaria, tafuteni chanzo kingine cha homa. Ya pili ni kuagiza "dozi 200" bila kutaja uzito. Kwa vidonge vya dawa mseto ya artemether-lumefantrine vya miligramu 20/120, mgonjwa wa kilo 5 hadi 14 ni kidonge 1 kwa kila mkupuo, yaani kila anapokunywa, 15 hadi 24 ni 2, 25 hadi 34 ni 3, na kilo 35 kwenda juu ni 4. Mikupuo ni 6 kwa siku 3. Mtoto mdogo humaliza vidonge 6, mtu mzima 24. Pakiti za watu wazima zikiisha, watu huunganisha za watoto nne kwa mgonjwa mmoja, na wiki inayofuata watoto wanakosa. Agizeni kwa makundi manne ya uzito.

Mkupuo wa kwanza unywewe mbele yenu, pamoja na maziwa au uji wenye karanga, maana bila mafuta dawa hii haifyonzwi vizuri. Wa pili ni baada ya saa 8. Mwambieni mama saa yenyewe. Neno "jioni" halitoshi. Akitapika ndani ya nusu saa, rudieni.

Katika hesabu ya mwezi ondoeni siku ambazo dawa haikuwepo. Mkitumia dozi 60 kwa nusu mwezi kisha zikaisha, matumizi yenu ni 120, si 60. Kama mzigo huchukua mwezi 1 kufika na barabara inaweza kufungwa miezi 2, agizeni zinapobaki 360, yaani 120 mara miezi 3. Lakini msizilaze zote kituoni: akiba ikae hospitali kuu ya rufaa, kituoni pawe na ya wiki mbili. Ghala lililojaa huvutia bunduki.

Wenye silaha wanaingia na bunduki na kutaka watangulizwe. Tukikataa tunaogopa, tukikubali kijiji kinatuona wa upande wao.

Mjeruhi anatibiwa, awe wa upande wowote. Mikataba ya Geneva ya 1949 inasema hivyo. Anatangulizwa kwa ukali wa jeraha lake tu. Silaha ibaki nje ya ua kwa mwenzake. Msikubali kuitunza ninyi. Wekeni langoni picha ya bunduki iliyokatwa kwa mstari, maana si wote wanaosoma. Sharti hili lifikishwe mapema kwa pande zote, kwa maneno yale yale, kupitia machifu na wazee, si kubishaniwa langoni. Akiingia nayo kwa nguvu, msimzuie kwa mikono: mtibuni, aondoke, kisha pelekeni malalamiko kwa mkuu wake. Rejesta iandike jeraha, isiandike kundi. Na msichore msalaba mwekundu ukutani bila kibali. Alama hiyo inalindwa kisheria.

Kanisa rafiki la Ulaya linataka kututumia maboksi ya dawa zilizobaki majumbani. Tupokee?

Hapana. Pakiti zilizofunguliwa, zenye maandishi msiyoyasoma, hamwezi kumpa mgonjwa, na kuziteketeza salama ni gharama yenu. Waombeni fedha. Wakisisitiza dawa, ziwe kwenye orodha ya dawa muhimu ya taifa, na siku zinapofika ziwe zimebakiwa na angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda.