Mnaoanza kupiga picha za meno kwa mwanga

Najua mtakachotaka kushika kwanza ni kompyuta. Anzeni na brashi na hewa ya kukaushia. Ukoga, madoa na mabaki ya dawa ya kusugulia huchezea mwanga kiasi kwamba jino zima linaweza kuonekana bovu, na hakuna programu itakayokuokoa hapo.

Kukausha kuna sababu yake. Enameli (tabaka gumu la nje la jino) ikiwa nzima hupinda mwanga kwa kipimo cha takriban 1.62. Madini yanapopotea, hubaki vitundu vidogo vyenye maji, ambayo kipimo chake ni 1.33. Ukivikausha vinajaa hewa, yaani 1, tofauti inakuwa kubwa, mwanga unatawanyika zaidi na doa jeupe linajitokeza. Doa linaloonekana baada ya kukausha tu ni changa. Linaloonekana hata jino likiwa na mate limeshazama zaidi. Basi andika kila mara: jino lilikuwa bichi au kavu? Picha isiyo na maelezo hayo mimi huiweka kando, hata iwe safi namna gani.

Kifaa cha leza nyekundu ya nanomita 655 kitakupa namba, 0 hadi 99. Wageni huipenda mno namba hiyo. Lakini hakipimi tundu. Kinapima mng'ao, yaani mwanga ambao vitu hutoa vyenyewe vikimulikwa, hasa wa porfirini, kemikali zinazotokana na bakteria, na ugaga mgumu au baadhi ya vijazio huipandisha vilevile.

Katikati ya meno yanayogusana, jaribuni infraredi, mwanga ulio nje ya wekundu tunaouona, kama nanomita 780. Ukifika 1310 enameli inakuwa karibu kama kioo. Hakuna mionzi ya eksirei, hivyo unaweza kurudia kipimo upendavyo. Ila msiende kumwambia daktari wa meno kwamba eksirei imepitwa: jipu kwenye ncha ya mzizi na mfupa ulioliwa hamtaviona kwa mwanga huu. Hata tomografia ya mwanga, inayochora jino kwa tabaka, huishia kina cha milimita 2 au 3. Uso wa jino ukimetameta na kuharibu picha, liinamishe kidogo.

Na kwa wa maabara: ulizeni meno yaliyong'olewa yalihifadhiwa kwenye nini. Fomalini hubadilisha mng'ao wake, kwa hiyo namba za meno hayo msizilinganishe na za mdomoni.