Shangazi, mke wangu anasema niuze gitaa

(Barua hii na jibu lake ni vya mwaka 2021, kumbi za muziki zikiwa bado zimefungwa kwa sababu ya korona.)

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mpiga gitaa la solo. Tangu nimalize shule sijawahi kufanya kazi nyingine, na watoto wangu wawili nimewalea kwa muziki. Kabla ya korona bendi yetu ilikuwa na kazi karibu kila mwisho wa wiki: harusi, hoteli, kumbi za dansi. Machi mwaka jana simu zikaanza kuingia moja baada ya nyingine. Tumeahirisha. Tumefuta. Tutawajulisha. Waliotupa advansi wakataka tuwarudishie, na nyingine tulikuwa tumeshazitumia. Sasa mwaka unakatika. Masoko yako wazi, mabasi yanajaza watu, ila kumbi bado zimefungwa kana kwamba sisi si wafanyakazi.*

*Amplifaya nimeshauza. Kaka wa mke wangu ananipa kazi kwenye stoo yake, kupakua mizigo na kuandika kinachoingia na kutoka. Mke wangu anasema nikubali, na gitaa niliuze maana limekaa tu ukutani. Nilimfokea mbele ya watoto, nikamwambia hajawahi kuiheshimu kazi yangu. Tangu siku hiyo tunazungumza mambo ya ada na mboga tu.*

*Mzee aliyenifundisha gitaa alifariki wakati wa marufuku ya mikusanyiko. Alizikwa na watu wachache, hatukumpigia hata wimbo mmoja. Wenzangu wa bendi hatupigiani simu siku hizi. Usiku silali, na kuna siku naona nyumba hii ingepumua bila mimi.*

*Nikienda stoo nitakuwa nimeshindwa? Na gitaa niuze?*

*Mpiga Solo*

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza kuhusu stoo na gitaa, nitakujibu yote mawili. Lakini kuna maneno umeyapitisha haraka mwishoni mwa barua, kwamba nyumba ingepumua bila wewe. Siwezi kuyaruka. Kama umeyaandika kwa maana ya kutamani kufa, mwambie mtu leo, kwa maneno yaliyo wazi. Awe mke wako, ndugu yako, daktari, au kiongozi wa dini unayemwamini. Usisubiri hadi uwe na hakika kwamba jambo ni zito. Na kama umeshafikiria namna ya kujidhuru, usilale peke yako usiku wa leo. Nenda hospitali ukiwa na mtu. Madeni na kukosa usingizi vikikutana humfanya mtu ajihesabu kuwa mzigo, na hesabu hiyo huonekana sahihi kabisa saa nane za usiku. Si sahihi. Watoto hao hawatapumua. Mama yao hatapumua.

Hukutaja pombe, nami sikusingizii. Ila wanamuziki wengi wanaoniandikia mwaka huu wanaitaja, kwa hiyo nakuambia tu kwamba glasi ya kuletea usingizi huuvunja usingizi huohuo kabla ya alfajiri.

Sasa tuje kwenye hali yenyewe. Unajiona umelegea, mvivu, mkali bila sababu. Mimi naona mtu aliyefiwa. Umempoteza mwalimu wako, na hukupata nafasi ya kumuaga kwa njia pekee ambayo mpiga gitaa angemuaga mwalimu wake. Juu ya msiba huo umepoteza kazi, na kazi ya muziki haiondoki peke yake. Inaondoka na ratiba ya usiku, safari za pamoja, utani wa nyuma ya jukwaa, na ile sauti ya watu wanaopokea wimbo kabla hujamaliza mwanzo wake. Kwa miaka yote hiyo, saa mbili au saa tatu usiku mwili wako ulikuwa unaamka: unafunga nyuzi, unajaribu sauti, moyo unaenda mbio. Mwili haujui kwamba kumbi zimefungwa. Saa hiyo ikifika unaamka kama kawaida yake, halafu haukuti kitu, nawe unabaki umekaa kitandani ukiwaka bila kazi. Ndiyo maana mchana unajivuta na usiku hulali. Si uvivu.

Nami naelewa uchungu wako kuhusu kumbi. Inauma kuona basi limejaa na ukumbi umefungwa. Lakini usiutafsiri uamuzi huo kama dharau kwa muziki, maana tafsiri hiyo inakula moyo wako bure. Machi 10, 2020, siku moja kabla ya Shirika la Afya Duniani kutangaza kwamba korona ni janga la dunia, kwaya moja katika jimbo la Washington, Marekani, ilikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Walikuwa watu 61. Kati yao 53 walithibitishwa au kudhaniwa kuwa wameugua, na wawili wakafa. Kuimba ni kusukuma pumzi kwa nguvu, katika chumba, karibu na mwenzako. Kinachofungiwa ni hiyo pumzi ya pamoja. Tuna haki ya kudai walioamriwa kufunga walipwe fidia, na mimi nadai pamoja nanyi. Uingereza ilitangaza paundi bilioni 1.57 kwa ajili ya sanaa Julai 2020, ingawa mfuko huo ulilenga taasisi na majumba ya maonyesho, na mpigaji wa kujitegemea asiye na hati ya mshahara alibaki akihangaika. Huko nako wako akina wewe wengi.

Stoo: nenda. Nasema hivyo bila kusitasita. Hujashindwa hata kidogo. Wapigaji wengi wazuri, katika nchi tajiri na maskini, wamekuwa na kazi ya mchana maisha yao yote, na muziki wao haukupungua chochote. Kitakachokusumbua zaidi si mizigo, ni kufanya kazi kwa shemeji. Kwa hiyo kaeni chini kabla ya siku ya kwanza, mkubaliane mshahara, siku na saa, kama mwajiri na mfanyakazi yeyote. Usikubali maneno ya "tutaona", maana hapo ndipo heshima kati yenu itakapovunjika. Na mwambie mapema, kwa adabu, kwamba kumbi zikifunguliwa utaomba mwisho wa wiki wako. Akijua hilo tangu mwanzo halitakuwa usaliti siku ikifika. Isitoshe, mwili uliobeba mizigo mchana kutwa huanza kukumbuka kulala usiku.

Gitaa usiuze. Fundi seremala akikosa kazi hauzi randa yake. Na hata ukiweka hisia pembeni, huu ni wakati mbaya wa kuuza: wapigaji wengi wamebanwa kama wewe na wanauza vyombo kwa wakati mmoja, kwa hiyo huenda ukapata bei ya kutupa. Kumbi zikifunguliwa wote mtakuwa mnatafuta kununua, na bei itakuwa nyingine. Kama pana kitu cha kuondoka, kiondoke kile ambacho unaweza kuazima au kukodi baadaye, stendi, spika ndogo, pedali ambazo huzitumii. Chombo ambacho vidole vyako vimekizoea kibaki.

Lakini nataka ulitazame tena lile neno la mke wako. Alisema gitaa limekaa tu ukutani. Wewe ulisikia kwamba kazi yako haina maana. Mimi nasikia mwanamke aliyezoea kusikia gitaa ndani ya nyumba yake, na miezi imepita hajalisikia, wala hajaambiwa kwa nini. Unaponyamaza, yeye anajaza mwenyewe ulichonyamazia. Huenda anadhani umeshaliacha, ila huna ujasiri wa kusema. Na usisahau kwamba mwaka huu wote kuna mtu amekuwa akiinyoosha shilingi ya nyumba hiyo hadi mwisho wa mwezi. Barua yako ina mambo mengi, na hilo halimo.

Muombe radhi. Na kwa kuwa ulimfokea mbele ya watoto, radhi hiyo nayo waisikie watoto. Usiifanye hotuba. Mwambie: nilikufokea, nilikosea, sikuwa na hasira na wewe. Kisha mkiwa wawili mwambie yale uliyoniambia mimi, kuhusu mzee, kuhusu usiku, kuhusu madeni, na kuhusu yale maneno niliyoanza nayo. Mpe namba kamili ya deni, hata kama inatia aibu. Halafu mwambie kazi utaichukua na gitaa unaomba libaki, na umweleze sababu. Ombi likitanguliwa na ukweli husikika tofauti sana na amri.

Gitaa likibaki, lisirudi ukutani. Chunguza ncha za vidole vyako vya kushoto. Kama hujapiga kwa wiki kadhaa, sugu zimelainika na zingine zimeanza kubanduka. Utakaposhika nyuzi zitauma kama siku za kwanza, na utasikia noti zinakwaruza. Wengi hukata tamaa hapo, wakadhani kipaji kimekwenda. Ni ngozi tu. Piga muda mfupi, upumzike, kesho urudie, ngozi itajijenga upya. Na piga saa ileile ya usiku uliyozoea kupanda jukwaani, kwa sauti ndogo, bila amplifaya. Mwili ukipata walau kidogo cha ulichokuwa unasubiri, unakubali kutulia. Usijitwishe nyimbo kumi na tano za shoo. Chukua ule upande wa mkono wako ambao hukuwahi kupata muda wa kuurekebisha wakati kazi zilikuwa nyingi.

Wenzako wa bendi nao wana aibu. Kila mmoja anaogopa kuulizwa hali yake, au kukumbushwa advansi. Mpigie mpiga drums kwanza. Usimpigie kupanga mipango mikubwa, mpigie umuulize amelalaje.

Mkija kutamani kupiga pamoja kila mtu akiwa kwake, msijaribu kwa simu ya video, mtagombana bure. Hewani sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mpiga drums akiwa mita kumi kutoka kwako, pigo lake linakufikia baada ya takriban milisekunde 30, na hapo wapigaji wengi tayari wanaanza kuburutana. Simu ya video huchelewesha zaidi ya hapo kwa mbali. Si kwamba mmesahau kupiga. Rekodini mmoja mmoja: drums zianze kwa kufuata metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, mpiga besi afuate akisikiliza kwa visikilizio, kisha kinanda, wewe, mwisho mwimbaji, na mtu mmoja aunganishe.

Ningependa wimbo wa kwanza uwe ule ambao mzee wenu aliupenda. Upelekeeni familia yake. Manu Dibango wa Kamerun alipofariki Ufaransa kwa korona Machi 24, 2020, akiwa na miaka 86, familia yake ilitangaza kwamba mazishi yatakuwa ya faragha na kwamba heshima za kumuenzi zitaandaliwa itakapowezekana. Kuaga kwa kuchelewa kunaruhusiwa. Mzee wenu bado anadai wimbo wake, na mnaweza kumpa kabla kumbi hazijafunguliwa.

Kufundisha pia kunawezekana, hata mwanafunzi mmoja au wawili baada ya kazi. Ukifundisha kwa video, ingia kwenye mipangilio ya programu uzime sehemu ya kuondoa kelele. Programu hizo zimetengenezwa kwa ajili ya maneno; ukivuta noti ndefu zinaidhani ni mngurumo wa feni na kuikata, na mwanafunzi atadhani gitaa lake ni bovu.

Mambo ya karatasi ni machache, lakini usiyapuuze. Andika orodha ya kazi zote zilizofutwa, tarehe, mteja na malipo mliyokubaliana, na uhifadhi picha za ujumbe waliokutumia. Misaada ya wasanii ikitangazwa, anayekosa mara nyingi ni yule asiye na ushahidi kwamba alikuwa na kazi. Kama kuna nyimbo ulizotunga au kushiriki kurekodi, hakikisha jina lako limesajiliwa kwenye chama kinachokusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye wimbo kila unapotumika. Redio hazikufungwa. Nyimbo zenu zikipigwa huko, fedha ipo inayomtafuta mwenyewe, na isipompata huenda kwa wengine.

Kuhusu advansi, usikimbie simu za wateja. Aliyeahirisha harusi bado anataka harusi. Mwombe fedha yake isimame kama malipo ya tarehe mpya, na umwandikie hivyo. Anayetaka kurudishiwa, mpe kiasi kidogo kila mwezi kutoka mshahara wa stoo, kwa maandishi, na wenzako wa bendi wachangie sehemu zao maana fedha mlikula wote. Watu hao ndio watakaowapa kazi tena. Anza na yule unayemwogopa zaidi, wiki hii.