Bolti za mkuku: usiiamini nati inayong'aa

Ukinunua yoti ya zamani hapa pwani, iwe Kilifi, Mtwapa au Tanga, sitakuuliza kwanza habari za injini wala matanga. Nitakuuliza bolti za mkuku, yaani zile zinazolishika pande zito lililo chini ya boti, zilitolewa lini mara ya mwisho. Wengi hunijibu kwamba hawajui, na kwangu jibu hilo linatosha kuipandisha boti nchi kavu.

Kwa mtu aliyekulia kwenye majahazi, jambo hili halimjii upesi. Jahazi huanzia kwenye mkuku. Gogo hulazwa kwanza, mataruma (mbavu za chombo) na mbao vikafuata, kwa hiyo mkuku ndio chombo chenyewe. Yoti nyingi za faibaglasi ni kinyume: umbo huundwa likaisha, halafu pande la chuma cha kusubu au la risasi hufungwa chini yake kwa bolti. Yoti ya mita 10 yenye uzito wa tani 5 huweza kubeba mkuku wa karibu tani 2. Uzito wote huo unaning'inia kwenye bolti chache, na sehemu ya bolti iliyo muhimu kuliko zote haionekani.

Sehemu hiyo ni pale bolti inapovuka maungio, kati ya mkuku na sakafu ya boti. Stenlesi, chuma cha bolti nyingi za namna hii, haili kutu upesi kwa sababu uso wake hujifunika utando mwembamba mno, na utando huo unahitaji oksijeni ili ujirudishe kila unapokwaruzwa. Maji ya chumvi yakipenya kwenye maungio yakatuama, oksijeni huisha, utando ukavunjika, chumvi ikaanza kuitafuna bolti ubavuni. Juu, ndani ya ngama, yaani chini kabisa ya boti maji yanapojikusanya, nati inang'aa kama siku ilipofungwa. Nimewahi kuvuta bolti ya milimita 24 ambayo kichwani haikuwa na doa, lakini kiunoni ilikuwa nyembamba kuliko kidole changu cha shahada, na vishimo vyeusi vimeizunguka pande zote. Piga hesabu mwenyewe: bolti ikiliwa kutoka kipenyo cha milimita 24 hadi 12, haibaki na nusu ya nguvu yake. Inabaki na robo.

Boti ikiwa imening'inia kwenye mikanda ya kreni, kabla haijaketishwa, ikague pale pale. Mkuku unavuta chini kwa uzito wake wote, na maungio yakiwa yamelegea utaona ufa ukifunguka, mara nyingi upande wa omo, yaani mbele. Mchirizi wa kahawia unaorudi kila baada ya kupaka rangi ni dalili nyingine. Kisha ingia ndani: maji ya ngama yenye rangi ya kutu, nyufa zinazozunguka washa (kibamba cha duara chini ya nati), mataruma ya faibaglasi yaliyobanduka sakafuni. Kama boti iliwahi kupanda mwamba, angalia zaidi nyuma ya mkuku. Pigo la mbele hugeuza mkuku, ncha yake ya nyuma ikasukuma sakafu kwenda juu.

Mwezi Mei 2014 yoti iitwayo Cheeki Rafiki, iliyokuwa ikitoka Antigua kurudi Southampton, ilipoteza mkuku katikati ya Atlantiki. Mabaharia 4 Waingereza walipotea nayo. Chombo kilikutwa kimepinduka na chelezo chao cha kuokolea kikiwa bado mahali pake, huenda hawakupata hata muda wa kukitoa. Idara ya Uingereza inayochunguza ajali za baharini ilieleza kwamba huenda kugonga chini kwa siku za nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, kuliidhoofisha boti pale mkuku uliposhikana nayo. Haikuwa yoti kuukuu, iliundwa mwaka 2006. Kila nikiikumbuka habari hiyo, nazidi kuwa mkali kwa wateja wangu.

Kwa hiyo toa bolti, hata kama dalili huzioni. Anza na ile inayolala ndani ya maji ya ngama, maana ndiyo iliyoteseka zaidi. Ikitoka mbovu, zote zitoke.

Kazi yenyewe inataka kreni na fremu imara ya kuukalisha mkuku. Hapa kwetu watu wamezoea kuegemeza boti ukutani wakati wa bamvua, maji yakipwa zaidi ya mita 3, wakapaka rangi na kubadilisha vipande vya zinki. Kwa kazi hizo ni sawa. Kwa bolti za mkuku, hapana, kwa sababu baada ya saa 6 hivi maji yanarudi na mkuku uko wazi.

Bolti zilizoshika kwenye chuma cha kusubu usizilazimishe. Funga nati mbili zibanane, tia mafuta ya kupenyeza, pasha moto, acha hadi kesho, rudia. Ikikatika, itobolewe katikati na thredi zikatwe upya kwa saizi kubwa zaidi. Mkuku wa risasi ni mgumu zaidi, kwani mara nyingi bolti zilimiminiwa ndani zikiwa zimepindwa. Hizo huziachi peke yake wala huzing'oi: unaweka mpya kati ya bolti na bolti, unachimba kimfuko ubavuni mwa mkuku ili nati iingie, halafu unajaza epoksi. Fundi akikuambia atachomelea kichwa kipya juu ya bolti ya zamani, mwambie asante, kisha tafuta mwingine.

Nunua metali aliyoitumia mtengenezaji. Kama ni stenlesi, iwe ya daraja la 316, tena yenye cheti. Sumaku haitakuonyesha tofauti yake na daraja la chini la 304, na dukani zote huitwa stenlesi. Safisha uso wa mkuku hadi chuma king'ae na upake praima ya epoksi siku hiyo hiyo, kwa hewa yetu ya chumvi kutu haingoji asubuhi. Paka gundi ya poliyurethani kwa ukarimu, weka mabamba manene chini ya nati badala ya washa ndogo, kaza kutoka katikati kwenda omo na tezi (nyuma) kwa spana ya kupima nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji. Rudia kukaza baada ya wiki chache za kusafiri.

Baada ya hapo ngama ikae kavu, na usifunike nati kwa silikoni, kwani itaficha maji usiyoyaona. Piga picha za bolti za zamani uzihifadhi pamoja na karatasi za boti, mnunuzi atakayekuja atazihitaji. Na kama pesa haitoshi msimu huu, ndugu yangu, iache boti nchi kavu. Usivuke nayo kwenda Shelisheli wala Madagaska ukingoja kukusanya pesa.