Samansi kwa mdaiwa aliye Uingereza

Dada, unauliza kama unaweza kumtumia samansi, yaani wito wa korti, kwa WhatsApp mbia wako aliyehamia Uingereza na deni la duka lenu la Kisumu. Ngoja kwanza. Agizo la 5, kanuni ya 21, katika Kanuni za Kesi za Madai za 2010, linataka idhini ya mahakama kabla ya kumpa samansi mtu aliye nje ya Kenya. Ukiiruka, wakili wake atapinga mamlaka ya korti, na Mahakama ya Rufaa ilishaliamua hilo katika kesi ya Raytheon dhidi ya Air Al-Faraj. Kwenye hati ya kiapo ya kuombea idhini, onyesha mkataba ulifanywa au ulivunjwa hapa Kenya, na mahali anapopatikana. WhatsApp imeruhusiwa tangu 2020, ila haifuti idhini. Baada ya kuipata, tuma kwenye nambari anayoitumia kweli, si ile ya zamani ya Kondele.