Dira ya droni: si kila unaporusha

Je, ni lazima kukalibreti dira ya droni, yaani kuisawazisha upya ili ionyeshe mwelekeo sahihi, kila mara kabla ya kurusha? Hapana, huhitaji. Fanya hivyo programu ya droni kwenye simu inapokuomba, au ukiwa umeisafirisha droni mbali, mfano kuitoa Dar hadi hapa Dodoma, au imekaa kabatini zaidi ya mwezi. DJI, kampuni inayotengeneza droni, wenyewe wanaelekeza hivyo kwenye vitabu vya droni zao nyingi.

Ila kama ujumbe unasema kuna mwingiliano wa sumaku, usikimbilie kukalibreti. Hama hapo kwanza. Mara nyingi umesimama juu ya zege lenye nondo, karibu na gari, paa la bati au reli. Ukikalibreti hapo, dira inahesabu sumaku ya nondo kama sehemu ya droni, na ukifika sehemu safi ndipo matatizo yanaanza: GPS inajua droni ilipo, lakini dira inaidanganya imeelekea wapi, basi inazunguka duara badala ya kutulia. Hapo ndipo watu wanapoteza droni, tena za bei.

Dodoma viwanja vya udongo mtupu ni vingi, tembea tu hatua kadhaa kutoka kwenye gari. Weka simu, saa na funguo mbali na droni. Izungushe ikiwa imelala mzunguko mzima, kisha pua ikiangalia chini, izungushe tena. Baadhi ya modeli zinataka na upande wa tatu, fuata picha za kwenye programu.